Shingo ya Jogoo

Mimi ni msusi. Kibanda changu kiko Rusimbi, na nusu ya wanawake wa Ujiji nawajua kwa visogo. Mtu akinipita barabarani amenipa mgongo, namjua hapo hapo na habari zake zote. Akigeuka naanza kubabaika kutafuta jina. Ila shingo kwa mbele, hapa pa koo, sikuwa na habari napo miaka yote. Nani anasuka koo?

Siku hizi napatazama. Mteja akikaa tu, kabla sijashika kitana, jicho langu limeshashuka. Wengine wanadhani natamani mikufu yao. Nawaacha wadhani.

Sababu ni dada yangu. Tulizaliwa wawili tu wa kike, yeye wa kwanza, mimi kitinda mimba, huko Mwamgongo, kaskazini ya Gombe, ambako mlima unashuka mpaka unatia miguu ziwani na ukitaka kwenda popote unapanda boti. Nikisema nimemkumbuka dada yangu watu wananishangaa, maana yupo, mzima, anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu, na jana tu tumekula wote migebuka ya mawese tukagombania kichwa. Nisemeje sasa? Ninachokililia ni sauti yake. Ile ya zamani. Naililia kama mtu anavyomlilia marehemu, na mwenyewe anakaa pembeni yangu akinitazama.

Inabidi nianze na bibi yetu, mzaa mama, ndipo mnielewe.

Kwetu, penye harusi, mwanamke hafungui kinywa ovyo. Bibi harusi akitoka ndani wanawake wote wanasimama kimya, vigelegele vimewajaa mashavuni, mpaka mmoja afungue. Huyo mmoja alitoka nyumbani kwetu. Alikuwa bibi, akaja mama. Bibi hakusema vigelegele, alisema impundu, kwa Kiha chake, na alituambia impundu ya kwanza ni ya kumwambia Mungu atazame huku, kuna jambo. Zinazofuata ni furaha za watu tu.

Na wote wawili, bibi na mama, walikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni. La bibi lilikuwa kubwa kama embe, laini, likitikisika akicheka. Ukipakatwa ulililalia. Sehemu nyingine mtu mwenye rovu anajifunika mtandio. Kwetu halikufichwa hata siku moja, maana tuliamini, jamani, tuliamini kabisa, kwamba hapo ndipo sauti inapokaa. Sauti ikimzidi mwanamke inatafuta pa kutuama, na inatuama kooni. Asiyevimba ana sauti ya mdomoni tu, ya kuulizia bei ya nyanya.

Bibi alikuwa na namna yake ya kumpima mtoto. Anakusimamisha mbele yake, anakuwekea kiganja kooni, vidole huku, gumba kule, anafumba macho. "Haya, piga." Unapiga kigelegele chako chote, naye anasikiliza kwa mkono. Alimpima dada yangu siku moja ya Idi, mimi nimesimama nyuma nangoja zamu. Dada alipiga. Bibi hakufumbua macho mara moja. "Humu mna kitu," alisema.

Nikasogea mimi. Nilijikaza mpaka masikio yakaziba. Bibi akaondoa mkono kabla sijamaliza. "Hamna kitu hapa," akasema, akaniambia nikamletee maji.

Siku hiyo jogoo alichinjwa, na shingo ya jogoo, ambayo kwetu huliwa na mfunguzi wa vigelegele na hakuna mwingine, mama aliikata vipande viwili akampa dada kimoja. Mimi nilipewa bawa. Nilikwenda kulia nyuma ya jiko, nalia na bawa langu mkononi. Dada akanifuata, akaninyooshea kile kipande chake, hajakitia hata jino. Nilikataa. Nilitaka shingo ya kupewa, sikutaka ya kuonewa huruma. Nilikuwa na kichwa kigumu toka mdogo, na sijalainika.

Basi nikawa na mchezo wangu wa siri. Nyumba ikiwa tupu nachukua kioo cha mama, nainua kidevu, nameza mate, natazama kama kuna kitu kinachopanda na kushuka. Nilikitamani kiuvimbe kama wasichana wengine wanavyotamani matiti. Hakikuja. Shingo yangu ilibaki nyembamba kama ya kuku wa mdondo.

Ya dada ilikuwa sauti kweli, nisiseme uongo kwa wivu. Baba yetu alikuwa mvuvi. Asubuhi boti yake ikichomoza, dada anakimbilia mchangani, kati ya dagaa walioanikwa, anapiga. Kigelegele kinapanda mlimani, mlima unakipokea, unakirudisha, kinashuka tena ziwani kikiwa vingi. Baba alisema hukisikia kabla hajaiona nyumba. Mimi nilisimama pembeni na beseni langu. Wivu ulikuwapo, lakini kikifika kile cha pili, cha kurudishwa na mlima, hata wivu ulinyamaza.

Tukakua. Dada akaolewa Ujiji, nami nikamfuata, nikajifunza ususi, nikabaki. Akapata mtoto mmoja tu, wa kike. Na tangu binti yule yuko mgongoni dada alikuwa na neno lake moja: "Huyu nitamfungulia mwenyewe." Maana yake siku atakayoolewa. Harusi za watu alifungua nyingi, Ujiji, Kigoma mjini, hata watu wa kutoka ng'ambo ya Kongo walikuja kumwomba. Lakini zile zote alisema ni mazoezi.

Siku moja mama alikuja na boti kututembelea, akamkazia dada macho kooni. "Hebu meza mate," akamwambia. Dada akameza. Kitu kidogo, kama kokwa, kikapanda na kushuka. Mama alipiga makofi! Alinituma sokoni nikatafute jogoo, na siku hiyo shingo haikukatwa. Dada aliila nzima, mama anamtazama, machozi yanamtoka, anasema sasa hata nikifa. Na kweli hakukaa sana, alikufa kwa uzee wake, rovu lake laini halijawahi kumuuma hata siku moja. Ndiyo maana hatukuogopa. Ungeogopa nini, kitu ambacho umekilalia utotoni?

Cha dada hakikuwa laini lakini. Kilikuwa kigumu, kimekaa upande mmoja. Hilo tulikuja kuliona baadaye.

Alikuja kibandani kwangu kusuka, siku ya kawaida kabisa. Ukisuka nywele za kisogoni, lazima mteja ainamishe kichwa, kidevu kiguse kifua, la sivyo mistari inakwenda kombo. Nikamwambia, "Dada, inama." Akainama kidogo. "Inama vizuri bwana, unanitesa." Akainama, akaanza kukohoa. Akainuka, akapumua, akajaribu tena, akakohoa tena. Nikaacha kitana. Nikazunguka mbele, kitu ambacho sikifanyi. "Kinakubana?" Akasema kinambana kidogo, na usiku akilala chali pumzi inafika kwa shida. Ndipo nikaisikia na sauti yake: ilikuwa imeanza kukwaruza. Nilikuwa nimeizoea kidogo kidogo bila kujua.

"Sauti inapevuka," alisema.

"Inapevuka nini? Ndizi?" nilimjibu.

Nilimsuka nusu, nikamvika mtandio, tukaenda hospitali ya Kigoma vile vile na kichwa chake cha nusu nusu. Wakampiga picha ya shingo, wakatuandikia Dar es Salaam. Tukapanda treni, dada amekaa dirishani anamtaja kila mtu aliyemfungulia harusi kwenye kila stesheni, hata ambako hana anayemjua. Dar wakamchoma sindano ile ya kuchukua chembe. Majibu yalipotoka daktari alituita ndani, binti mdogo, ana umri wa kuwa mwanetu.

"Shikamooni mama zangu," akasema, na nikajua hapo hapo kuwa si habari njema. Daktari mwenye habari njema hakuanzii kwa upole namna ile.

Ilikuwa kansa ya tezi ya shingo. Mimi ndiye niliyefoka. Nilitaka kujua kwa nini yeye. Kansa hii inamfuata nani? Inachagua vipi? Maana kama ni kuchagua, mbona tulikuwa wawili, maziwa mamoja, sahani moja?

Yule binti hakukasirika. Alisema inawapata zaidi wanawake kuliko wanaume, na mara nyingi si lazima wawe vikongwe, huwakuta wakiwa bado na nguvu zao. Inampata zaidi mtu aliyepigwa mionzi shingoni au kichwani akiwa mtoto. Akamwuliza dada kama aliwahi.

"Sisi tulipigwa fimbo tu," dada akajibu. Daktari akacheka, tukacheka wote, Mungu anisamehe, mle ndani.

Akaendelea. Mtu mwenye ndugu wa damu aliyeugua, naye awe macho. Na mtu mwenye uvimbe wa siku nyingi shingoni apimwe asikae nao tu. "Kwenu kuna mwingine mwenye shingo iliyovimba?"

Tukatazamana. Dada akaanza kumweleza habari za bibi, na mama, na sauti inayotuama, na shingo ya jogoo. Alimweleza kwa fahari, kama anavyoeleza siku zote, mpaka katikati akasikia mwenyewe anachosema. Akaishia njiani.

"Ya bibi na mama pengine ni goita tu," daktari alisema. "Sehemu nyingi za mlimani watu walikosa madini joto kwenye chumvi, shingo zikavimba. Vivimbe vingi vya shingo si kansa, mama. Na wengine wanaipata hii bila sababu hata moja ya hizo nilizotaja. Usitafute kosa." Alinitazama mimi aliposema hivyo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikitafuta.

Halafu akasema inatibika. Ya aina hii, ikiwahiwa, wengi wanapona. Tezi itolewe, kisha kidonge kila asubuhi maisha yote. Ila mshipa wa fahamu wa sauti unapita pale pale nyuma ya tezi, na uvimbe umeshaukaribia. Watajitahidi. Sauti inaweza kubadilika. Inaweza isirudi.

Dada akaomba mtandio wake, akajifunga vizuri, akasema ahsante mwanangu, tutakuja nikishamwoza binti yangu.

Jamani! Binti hata mchumba hana! Yuko chuoni anasoma, ukimtajia ndoa anaweka vipokea sauti masikioni! Nilimwambia dada hayo yote pale koridoni, mbele za watu. Nilimwambia sikio la kufa halisikii dawa, na neno lenyewe lilipotoka nikatamani kulirudisha. Dada akakaa kwenye benchi. "Wewe hujui," aliniambia. "Huna kitu unachoweza kupoteza hapo." Akanigusa koo na kidole kimoja.

Liliniuma, sisemi uongo. Liliniuma kwa sababu ya bibi. Lakini nilimwona dada yangu jinsi alivyokaa, kichwa bado kimesukwa upande mmoja, maana tangu siku ile hakuweza kuinama nikimalize, upande mwingine umesimama kama majani, na hofu ikanipanda kuliko uchungu. Nikakaa karibu yake.

"Itolewe," nikamwambia. "Ikiondoka na sauti, binti nitamfungulia mimi."

Akageuka akanitazama. "Wewe? Na hiyo sauti yako ya bata?"

"Na hii hii ya bata."

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka muuguzi akaja, akafuta macho na ncha ya mtandio. "Mungu atageuka kutazama kweli," akasema. "Atataka kujua nani anachinjwa." Kisha akainuka akarudi ndani kwa daktari.

Walimpasua. Uvimbe ulitoka wote. Akanywa dawa ya mionzi, akakaa chumba cha peke yake, tukasalimiana kwa mbali kama wagonjwa wa ukoma. Mimi na binti yake tulipimwa pia, tukaambiwa tuko salama, tuwe tunaangaliwa. Dada akapona. Nashukuru, kila asubuhi nashukuru, nikimwona anameza kidonge chake kabla ya chai namshukuru Mungu kwa jina.

Sauti ya kuongea ilirudi, ya chini, yenye upepo mwingi, kama redio ambayo betri zinaisha. Ya kigelegele haikurudi. Alijaribu mara moja tu nijuavyo. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa uani kwake, naanua nguo. Nilisikia pumzi, pumzi tupu, inapanda na kushuka, na ulimi unapiga bila kitu. Nikashika kanga moja iliyokuwa bado mbichi nikasimama nayo hapo hapo mpaka akaingia ndani.

Mwenye kovu usidhani kapoa, wanasema, na lake liko wazi, mstari mmoja chini ya koo kama mkufu mwembamba. Halifichi. Lakini ameanza tabia mpya. Anatupima. Akikukuta anakusalimia, na kabla hujaitika mkono umeshafika kooni, "meza mate." Binti yake, majirani, wateja wangu, muuza mkaa. Paka wa kwangu alishapimwa. Watu wanacheka, lakini wanainua kidevu.

Na mimi nikawa natafuta sauti yake. Niliwafuata watu aliowafungulia harusi, nikaomba video zao. Nimekaa kibandani mchana na simu, natazama harusi za watu wasionihusu. Anaonekana, yule pale, na gauni lake la kijani, anajiweka sawa, anainua kichwa, anafungua kinywa, na palepale spika za muziki zinapiga. Kila video! Mpiga muziki amejaa mzuka, dada yangu anafungua kinywa kama samaki. Kwenye moja tu umeme ulikatika kidogo, na kikasikika kipande. Kipande tu, kama mtu aliyekuita akanyamaza. Nimekisikiliza mpaka mteja mmoja akaniuliza kama namsuka yeye au nasuka simu. Nilitamani mlima uliokipokea zamani uwe umekiweka mahali. Tulipokwenda Mwamgongo kwenye makaburi nilisimama pale mchangani nikasikiliza kwa ujinga wangu. Kulikuwa na mawimbi tu, na wanawake wanageuza dagaa.

Binti ameolewa mwaka huu. Kijana mwema, fundi wa boti za Kibirizi. Asubuhi ya harusi dada alikuja kwangu na sahani imefunikwa kawa. Nikafunua: shingo ya jogoo, nzima.

"Kula," akasema.

"Hiyo ni yako."

"Utapiga kwa shingo ya nani? Kula."

Nikala, amesimama ananitazama kama mama alivyomtazama yeye. Mifupa mitupu, na nyama ya kubahatisha. Loo, kumbe ndicho kile nilichokililia nyuma ya jiko! Nilikitafuna chote.

Alasiri, bibi harusi akasimama mlangoni. Wanawake wakanyamaza, na wote, kwa mazoea, wakamgeukia dada. Spika zinapiga. "Zima hiyo kitu!" nilimpigia mpiga muziki kelele. "Zima nisije nikaizima mimi!" Akazima. Ua mzima ukawa kimya, sauti ya jiko tu ikasikika, mafuta yanachemka.

Dada akanivuta mbele yake. Akaniwekea kiganja kooni, vidole huku, gumba kule, akafumba macho, kama bibi. Nikapiga.

Kilitoka cha bata. Kilipanda, kikavunjika, nikakiokota, nikakipandisha tena. Nikamwona bibi harusi anacheka na machozi yanaharibu poda. Kisha wanawake wakafuata, wote kwa pamoja, ua ukajaa, na mpiga muziki naye akasahau kuwasha.

Dada hakuondoa mkono. Nilidhani anaisikiliza sauti yangu, kumbe vidole vilikuwa vinatembea, taratibu, kulia, halafu kushoto, halafu chini pale penye kishimo, vinatafuta. Nikameza mate bila kuambiwa. Akafumbua macho.

"Hamna kitu," akaniambia sikioni, kwa ile sauti yake iliyobaki. "Hamna kitu hapa, mdogo wangu." Alikuwa analia kwa furaha.

Nikaushika mkono wake usitoke shingoni kwangu, nikapiga tena.